ACL ya wageni: andika kwanza kinachotakiwa kupita

Mtu akiambiwa aweke ACL (orodha ya sheria za paketi zipi zipite na zipi zizuiwe) kwenye rauta, akili yake inaenda moja kwa moja kwenye kuzuia, wageni wasifike kwenye seva, basi anaandika deny (kataza) yake moja anaibandika kwenye intafesi (mlango wa rauta) alafu mtandao mzima wa wageni unakata na simu zinaanza kuingia. Kwenye Cisco kila ACL inaishia na deny ya kila kitu ambayo huioni popote kwenye konfigi, kwa hiyo ukiandika deny tupu bila permit (ruhusu) hata moja umefunga mlango wote. Mi naona kazi ya ACL ni kujua nini kinapita, ndo maana kabla sijagusa rauta naandika kwanza kwenye karatasi nani anaongea na nani.

Tuchukue ofisi ya kawaida kabisa, wageni wako VLAN 30 (mtandao wao uliotengwa) wanatumia 192.168.30.0/24, seva ziko 192.168.10.0/24, na DNS (seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa IP) ni 192.168.10.5.

ip access-list extended WAGENI
10 permit udp any eq 68 any eq 67
20 permit udp 192.168.30.0 0.0.0.255 host 192.168.10.5 eq 53
30 permit tcp 192.168.30.0 0.0.0.255 host 192.168.10.5 eq 53
40 deny ip 192.168.30.0 0.0.0.255 192.168.10.0 0.0.0.255
50 permit ip 192.168.30.0 0.0.0.255 any

interface vlan 30
ip access-group WAGENI in

Mstari wa 10 ndo wengi wanausahau. Simu inapoomba IP kwa DHCP (huduma inayogawa anwani) bado haina anwani, inatuma ikiwa 0.0.0.0, kwa hiyo permit ya 192.168.30.0 haiihusu kabisa. Na cha ajabu waliokuwa wameshaunganishwa wanaendelea vizuri tu, wapya ndo hawapati IP, unaweza ukahangaika na akses pointi siku nzima wakati tatizo liko kwenye rauta. Mpangilio nao ni muhimu mno, rauta inasoma kutoka juu, ikikuta mstari unaolingana inaishia hapo hapo haiendelei chini, ukiiweka 40 juu ya 20 DNS imekufa.

Hiyo 0.0.0.255 ni waildikadi, inaiambia rauta sehemu gani ya anwani lazima ilingane (0) na ipi isijali (255), unaipata kwa kutoa maski kwenye 255.255.255.255, /26 inakuwa 0.0.0.63. Ukizoea maski za kawaida ukaandika 255.255.255.0 rauta haikatai, inaipokea tu, ila sasa inatafuta anwani yoyote duniani inayoishia na .0, na mstari wako unabaki pambo.

Kuhusu in na out, simama upande wa rauta. Paketi inayotoka kwa mgeni ikiingia rauta ni in, basi.

Sasa sehemu inayowatesa hata wazoefu: ACL za namna hii hazina kumbukumbu, hazijui paketi ipi ni jibu la ipi. Ukiwa upande wa seva ukapiga ping printa iliyo VLAN 30, ping inafika vizuri ila jibu linarudi linakutana na mstari wa 40 linatupwa, na wewe unadhani printa imezima. Kwa TCP unaweza kuongeza mstari wa permit wenye neno established juu ya 40, ila ujue inaangalia tu kama paketi ina bendera ya ACK au RST (alama za kuthibitisha kupokea au kukata muunganisho), mtu anayejua anaweza kuitengeneza hiyo paketi mwenyewe, kwa hiyo usiifanye ndo ulinzi wako mkuu, tafuta fayawoli inayokumbuka miunganisho.

Alafu mstari wa 50 unawaruhusu wageni kufikia SSH (njia ya kuingia na kuiendesha kwa mbali) ya rauta yenyewe kwenye 192.168.30.1! Hapo weka ACL nyingine ya IP za watu wa IT peke yao, uifunge kwenye line vty (milango ya kuingilia rauta kwa mbali) kwa access-class.

Kama unafanya kwa mbali, jamani, piga kwanza reload in 10, na usisevu chochote. Ukijifungia nje rauta inajiwasha upya baada ya dakika 10 na konfigi ya zamani, mambo yakienda sawa unapiga reload cancel ndo unasevu.

Mwisho angalia show access-lists, kila mstari unaonyesha umelingana na paketi ngapi (kwenye baadhi ya swichi namba hizo haziaminiki sana kwa sababu kazi inafanywa na hadiwea). Mstari wa 40 ukiwa mtupu wakati umejaribu kupiga ping seva kutoka wifi ya wageni, kuna mstari juu yake unakula hizo paketi, au ACL haijafungwa kwenye intafesi sahihi.