Nyavu Zilizokwisha Kuoshwa

Masika iliyopita, mvua ya alfajiri iliwakuta dagaa niliokuwa nimewaanika mchangani, nje kidogo ya jiji la Mwanza, kabla sijafika na turubai. Anayeijua biashara hii anajua maana yake: dagaa aliyelowa hupoteza ule weupe wake wa kung'aa, hubadilika rangi na kuanza kunuka, na badala ya kununuliwa kwa mboga huuzwa kwa bei ya kutupa, akatengenezwe chakula cha kuku. Mtaji wenyewe ulikuwa mkopo wa kikundi, na marejesho yalikuwa Ijumaa.

Mwenzangu wa siku nyingi, ambaye naamini alinionea huruma, aliniambia, "Dada, hao waweke chini ya gunia, wazuri wakae juu. Mnunuzi anawapeleka mbali." Nililitazama lile gunia kwa muda mrefu. Wiki ileile nilikuwa nimefunga na kuomba kwa ajili ya mzigo huohuo, na sikuelewa kwa nini Mungu alikuwa amenyamaza.

Usiku nilisoma Luka sura ya 5. Tumezoea kuyakimbilia yale mavuno ya samaki hata nyavu zikaanza kukatika, lakini mimi nilikwama mwanzoni, pale wavuvi wanapoosha nyavu zao baada ya kukesha bure. Sisi tuliokulia kando ya ziwa tunajua uchovu huo, na tunajua kwamba mvuvi aliyekwisha kuosha nyavu amekwisha kukubali kwamba leo hakuna kitu. Kuzishusha tena, tena mchana, ni kwenda kinyume cha yote ambayo kazi imemfundisha. Simoni, mmoja wa wavuvi hao, alizishusha kwa neno la Bwana Yesu tu, kabla hajaona samaki hata mmoja, na nadhani imani yake yote ilikuwa hapo.

Niliwatenga waliolowa katika magunia yao, nikawauza kwa bei yao. Fedha haikutosha. Ijumaa nilisimama mbele ya kikundi, nikaeleza, nikatozwa faini kama katiba yetu inavyosema, na hadi leo nadaiwa marejesho mawili. Bado namwomba Mungu, mara nyingine kwa machozi, na sijaacha kumwamini.

Juzi giza la mwezi limeanza, na mitumbwi imerudi kuwasha taa za kuvutia dagaa. Kesho alfajiri nitakuwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na ndoo zangu, turubai likiwa begani.