Sauti ya Mtoto Huko Aliko

Wapendwa katika Bwana,

Masika yameanza tena hapa Nairobi, na tangu Jumapili usingizi umenipungua, kwa maana kila mvua inyeshapo usiku namkumbuka dada yetu wa Mathare ambaye nyumba yake ya mabati iliingiliwa na mto mwishoni mwa Aprili 2024. Kilichosalia kilibomolewa baadaye, serikali ilipoamuru watu waondoke ndani ya meta 30 kutoka ukingoni.

Alifika kanisani akiwa na watoto watatu na ndoo moja, tukawaweka ukumbini. Nililala nao usiku mmoja, nikajionea kwamba mama asiye na mlango wa kufunga halali. Alikaa ameegemea ukuta hadi alfajiri, mkono wake juu ya binti yake mkubwa, kwa kuwa ukumbi ulikuwa na watu wengi asiowajua. Shule zilipofunguliwa Mei 13, baada ya kuahirishwa kwa ajili ya mafuriko, mvulana wake hakwenda, kwani sare na vitabu vilikuwa vimechukuliwa na maji. Yule mdogo, aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani, alianza tena, na mama yake akawa anaifua blanketi gizani ili mtu asione.

Wiki ya tatu tukauhitaji ukumbi kwa arusi. Tuliwaombea, tukawapa unga, tukawaaga.

Kila tunapofunga tunasoma Isaya 58, nasi hukimbilia mstari wa nane wenye ahadi ya nuru na afya, tukiupita upesi ule wa saba, unaotuagiza kuwaleta maskini waliotupwa nje nyumbani kwetu. Nyumbani, wapendwa, palipo na vitanda vyetu na vyombo vyetu! Nasema haya nikiwa na chumba cha wageni ambacho mwezi ule wote kilikuwa kimetandikwa, nami sikukifungua. Hajiri, yule mjakazi wa Biblia aliyefukuzwa nyumbani kwa Ibrahimu, alipomlaza mwanawe chini ya kichaka asimwone akifa, Mungu aliisikia sauti ya kijana huko aliko. Mtoto huyu wetu wa ukumbini naye alilia, nami nilimsikia kwa masikio yangu, nikarudi kwangu kulala. Bwana anirehemu.

Chumba hicho kiko wazi kuanzia leo. Atakayemwona mama aliyefukuzwa na maji anipigie simu, hata iwe usiku wa manane. Nanyi wazee wa kanisa na akina mama wa ushirika, nawasihi mvihesabu vyumba vyenu kabla ya Jumapili.