Meza Yetu, kutoka Lisbon hadi Bucharest

Niliingia Lisbon jioni, njaa imenibana. Katika mgahawa mdogo wa Alfama, mtaa wa ngazi juu ya ngazi, mhudumu aliniuliza, "Mesa para um?" Nikashtuka. Neno lile lilimtoka na z kamili, kama mama anapotuambia tukaandae meza. Kwamba tulilipata kwa Wareno, pamoja na leso, bendera na gereza, nilijua tangu shuleni. Kulisikia kwa masikio yangu, huku anatandika karatasi nyeupe juu ya mbao, kulinisisimua mwili.

Baada ya samaki akauliza kama nataka sobremesa. Akaleta wali wa maziwa, juu umenyunyiziwa mdalasini kwa mistari. Kwa Wareno, sobremesa ni kitamutamu cha kumalizia mlo.

Basi la usiku likanifikisha Madrid. Huko mesa husemwa kwa s. Nikaona kumbe z yetu ni ushahidi: inaonyesha ni kinywa cha nani kilichotuletea neno. Mchana, nyumbani kwa rafiki, nikauliza sobremesa ni nini leo. Mama yake akacheka, akaniambia tumo ndani yake tayari. Kwao ni yale mazungumzo ya baada ya kula, watu wasipoinuka. Tulikaa hadi kahawa ya pili, makombo ya mkate yakiwa bado mbele yetu. Pwani tunayo desturi hiyo, ila sijui kama tumewahi kuipa jina zuri namna hiyo.

Mzazi wa maneno haya ni mensa ya Kilatini. Ile n ilidondoka mapema katika usemi wa watu wa kawaida. Bologna niliikuta imerudi: mensa ni bwalo la chakula la wanafunzi, neno lililochukuliwa upya vitabuni. Meza ya nyumbani Waitaliano huiita tavola, kutokana na neno la Kilatini la ubao, na table ya Wafaransa imetoka hukohuko.

Bucharest ndiko nilikoguswa zaidi. Waromania husema masă, na zikiwa nyingi ni mese. Ile e ya kale inachomoza tena. Masă ni meza, na ni mlo pia. Asubuhi ya mwisho mama mwenye nyumba aliita kutoka jikoni, "La masă!" Sikungoja kutafsiriwa. Nilivuta kiti, supu ikiwa bado inafuka moshi.