Tulienda kuona ngome ya Chetambe, tukaishia mtungini

Mashujaa Dei ya 2019 iliangukia Jumapili kwa hivyo hata Jumatatu ilikuwa holidei, na hiyo ilikuwa wiki moja hivi tangu Kipchoge akimbie marathoni chini ya masaa mawili kule Vienna, hapa Kisumu hakuna mtu alikuwa anaongea kitu kingine hata makanga. Rafiki yangu wa kazini, Mbukusu, akaniambia achana na kukaa Dunga kula samaki kila holidei, twende kwetu Webuye nikuonyeshe mahali watu wetu walipigana na mzungu, halafu jioni nitakupeleka kiwanda cha pombe. Mimi kusikia kiwanda nikafikiria zile za Nairobi, bia inapikwa hapo hapo ndani ya baa kwa matenki yanang'aa, unaletewa glasi ndogo ndogo nne za kuonja na bili inatosha kulipa maji na stima. Nikavaa hata shati ya maana.

Pale Ilesi, kabla ufike Kakamega mjini, tukasimama. Watalii husimama hapo kwa sababu ya lile jiwe linalolia, jiwe refu juu ya lingine na maji yanateremka kama machozi, sisi tukalitazama dakika mbili tu kwa sababu jamaa alikuwa na haraka ya kununua mtungi kwa akina mama wa kando ya barabara. Ati kukhu wake, yaani nyanya yake, ameagiza. Buti ilikuwa imejaa kwa hivyo huo mtungi nikaupakata mimi hadi Webuye, na shati yangu ikabadilika rangi.

Chetambe ni mlima juu ya mji. Kuka, yaani babu ya rafiki yangu, mzee wa miaka themanini hivi, alipanda mbele yetu na bakora, na mimi wa gym nikawa napumua kama punda. Kusema ukweli nilikuwa natarajia kitu kama Fort Jesus, mawe, mizinga, mtu wa kukata tiketi. Hakuna. Ni tuta la udongo na handaki limemezwa na nyasi, na chini unaona mji na ile fakitori ya karatasi. Nikauliza, ngome iko wapi? Mzee akagonga bakora chini, akasema umesimama juu yake.

Ndio akaanza kutuambia. Askari wa mzungu walikuja kudai bunduki zilizokuwa mikononi mwa Babukusu, wengi wa hao askari wakauawa, basi mwaka wa 1895 Hobley, afisa wa serikali ya Waingereza, akaleta jeshi, na hakuja na wazungu peke yao, kulikuwa na Wasudani, Waganda, Wawanga na Wamaasai. Wakapiga ngome ya Lumboka kwanza, halafu hapa Chetambe. Ukuta wa udongo unazuia mkuki vizuri sana, lakini Maxim, ile bunduki ya mtambo, ni maneno mengine. Kumbe babu yake huyu mzee alitolewa humo ndani akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alisema hivyo bila kubadilisha sauti, kama mtu anakuambia ng'ombe wamerudi. Akaongeza ati 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa iliyopinga wakoloni, alileta umati wa wafuasi wake hapo hapo kuwakumbuka wale walikufa. Mimi shuleni nilisoma habari za Masinde nikapita mtihani, na hilo tuta sikuwahi kulisikia.

Sasa kiwanda. Kiwanda kilikuwa nyuma ya jikoni ya kukhu.

Matenki hakuna, kuna bati juu ya mawe matatu na moto chini. Unga wa mahindi unakandwa na maji, unafunikwa siku kadhaa mpaka uchachuke, halafu unakaangwa kwa hiyo bati ukigeuzwa na koleo hadi uwe kahawia, na hiyo harufu wacha tu, ni kama mkate ulioungua kidogo lakini tamu. Baadaye unatiwa maji na kimea cha wimbi, wimbi iliyooteshwa ikakaushwa ikasagwa, inangoja siku zingine. Nikauliza kipimo cha kimea. Kukhu akanitazama kwa huruma akasema, mwanangu, unaonja.

Jioni mtungi ukawekwa katikati, ukaongezwa maji moto, tukakaa tumeuzunguka kila mtu na mrija wake mrefu, wanauita lusekhe, mwisho wake una kichungio kimesukwa. Kabla mtu yeyote aguse, Kuka akachota kidogo na kikombe akamwaga chini, akataja majina. Sikuelewa maneno lakini Chetambe niliisikia. Watu wote kimya, hata watoto.

Halafu mimi nikaharibu. Mrija wangu ulikuwa umeziba, na badala ya kuutoa nje niusafishe nikapuliza. Mtungi ukafanya bwa bwa bwa kama maji ya ugali. Kumbe hapo nimetusi kikao kizima, hupulizi ndani ya mtungi wa watu, wewe! Rafiki yangu akaficha uso kwa mikono. Mimi nikaanza kuomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, nadhani hata kwa Kijaluo.

Kuka akakaa kidogo, akafuta midomo, akasema Hobley alikuja na Maxim, huyu Mjaluo amekuja na pumzi. Wakacheka hadi kukhu akatoka jikoni kuuliza ni nini. Nikatozwa faini ya kuku mmoja, nikalipa asubuhi kabla ya chai.