Finland na Denmark: nani anategemea zaidi miti ya kuagizwa?

Mdogo wangu yuko Copenhagen, mimi niko Joensuu, mashariki mwa Finland. Tumekulia Mafinga, jirani na shamba la miti la Sao Hill, kwa hiyo tukipigiana simu habari za mbao hazikosi. Swali lake ni lilelile: "Kaka, nchi yenu ni misitu matupu, mliagiza vibanzi vya miti, yaani miti iliyokatwakatwa vipande vidogo, kutoka Urusi vya nini?"

Haki yake kuuliza. Misitu imefunika karibu robo tatu ya Finland. Kwao Denmark ni kama asilimia 15 tu. Lakini ukichukua takwimu za forodha za nchi hizi mbili ukazilinganisha hivihivi, utapotea. Vibanzi vinavyoingia Denmark karibu vyote vinaishia kwenye tanuri la joto na umeme. Vya Finland, sehemu kubwa ilikuwa ikienda viwanda vya massa, yaani rojo la miti la kutengenezea karatasi, nyingine ndiyo ikachomwa. Jina moja kwenye hati, kazi mbili tofauti.

Denmark ilianza na majani makavu ya ngano. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, nchi ile ilikuwa ikiyategemea kwa karibu asilimia 90 ya nishati yake, ikakimbilia makaa ya mawe. Mwaka 1993 wanasiasa wakakubaliana kwamba ifikapo 2000 mitambo mikubwa ichome tani milioni 1.2 za majani hayo kwa mwaka, na tani 200,000 tu za miti. Majani ni ya mkulima wa hapohapo, meli haihitajiki. Miti ilikuja kushika nafasi baadaye, mitambo ya makaa ilipobadilishwa mmoja baada ya mwingine. Ule wa Amager, unaopasha joto nyumba za Copenhagen, uliingia kwenye vibanzi mwaka 2020. Hapo bandari zikawa na kazi, na shehena nyingi hutoka nchi za Baltiki, yaani Estonia, Latvia na Lithuania.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa reli na malori. Miaka ya 2000 Finland ilikuwa ikinunua magogo kwa wingi kutoka Urusi. Mwaka 2008 Moscow ikapandisha ushuru wa magogo, biashara ikayumba, na vibanzi vikazidi kupata umuhimu. Kabla ya vita vya Ukraine, karibu sehemu moja ya kumi ya miti yote iliyotumika Finland ilitoka Urusi, ikivuka kwenye vituo vya mpakani kama Vainikkala na Niirala, ambacho hakiko mbali na hapa. Machi 2022 Urusi ikapiga marufuku kuuza magogo na vibanzi kwa nchi ilizoziita zisizo rafiki, kisha vikwazo vya Umoja wa Ulaya vikafunga mlango upande wa pili.

Hapo ndipo namjibu mdogo wangu: wenye misitu ndio waliotikisika. Vibanzi vibichi karibu nusu yake ni maji, na vinachukua nafasi kubwa kuliko gogo vilikotoka. Kuvisafirisha mbali kwa lori ni kulipia maji na hewa, ndiyo maana mpaka wa jirani ulikuwa na thamani. Denmark, kwa kuwa hununua kwa meli, ilibadilisha muuzaji kwa urahisi zaidi, ingawa bei iliwauma nao.

Na Finland haikuweza kupunguza mahitaji ya miti, kwa kuwa makaa nayo yalikuwa yakiondolewa. Kituo cha makaa cha Hanasaari, Helsinki, kilifungwa Aprili 2023, na sheria inakataza makaa kwa nishati kuanzia Mei 2029. Pengo likajazwa na nchi za Baltiki, Sweden, na zaidi misitu ya humuhumu, wakati ambapo wataalamu tayari walikuwa wanasema ukataji umezidi na ardhi ya Finland, kwa hesabu ya 2021, ilitoa hewa ya ukaa kuliko ilivyofyonza. Kwenye jedwali la forodha, hata hivyo, inaonekana tu kwamba uagizaji umeshuka, na mdogo wangu anaihesabu hiyo kuwa ni nafuu yetu.