Karanga zilivyonisomesha Dodoma

Nimechoka kusikia wanafunzi wa Dodoma wakiambiwa "fungua biashara" na watu ambao hawajawahi kusubiri bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, lililochelewa. Bodi ya Mikopo inahesabu shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humohumo. Toa kodi ya gheto (chumba cha kupanga), bando, kopi za noti na nauli ya kwenda mjini, uone kama hiyo elfu kumi inafika jioni. Mimi nilisoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nikiwa nimepanga mtaa wa Ng'ong'ona, na kuanzia mwaka wa pili mpaka namaliza sikuomba hela nyumbani. Najivunia hilo sana, maana ushauri wa kwanza niliopewa ulinitia hasara.

Ushauri wenyewe ulikuwa zabibu. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu alituhubiria kila jioni: Dodoma ndiyo kwenye zabibu, Dar wanazigombania, kazi ni kununua shambani na kupakia kwenye basi tu. Ilikuwa Februari, msimu wa kwanza. (Wa pili huja Agosti na Septemba, wakati wengi mko likizo au fildi, yaani mafunzo kwa vitendo.) Mimi na rafiki yangu tukachanga, tukaenda Hombolo, tukajaza maboksi. Zabibu nyeusi, kubwa, zimejaa kwenye vichala, ukizitazama unaona faida tayari. Lakini usiku mvua ilikuwa imenyesha, na zilikatwa asubuhi zikiwa bado na maji. Yule kaka hakutuambia kwamba zabibu iliyolowa haisafiri. Wala hakutuambia kwamba boksi laini likishaingia kwenye buti la basi, litapandishiwa gunia la mtu mwingine kabla hamjafika Morogoro.

Binamu yangu alikwenda kupokea mzigo stendi ya Mbezi, akanipigia. "Dada, umenitumia zabibu au juisi? Inachuruzika mpaka kwenye viatu." Za chini zote zilikuwa zimepasuka, za katikati zimeanza kuchacha, nyuki wameshafika. Aliokoa kama robo, akaiuza kwa bei ya kutupa palepale, na hela yenyewe ikaishia kwenye nauli ya mzigo. Zabibu ikishakatwa haiivi zaidi, inaanza safari ya kuoza. Wenye biashara hiyo wana makreti magumu, wana gari na wanunuzi wanaowasubiri. Mwanafunzi mwenye kipindi saa mbili asubuhi ana nini? Na yule kaka, nilikuja kujua baadaye, hakuwahi kusafirisha hata kichala kimoja.

Kwa hiyo nikatafuta kitu kisichooza, ambacho mteja wake analala jirani yangu. Karanga.

Usinunue karanga kwa macho ya haraka. Mama mmoja wa soko la Majengo, nilipomwamkia na kumwambia ninachotaka kufanya, alinimwagia kilo kwenye ungo akasema, "Mwanangu, kabla hujafikiria chumvi, chambua." Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, zote nje, hata kama umezilipia. Hapo hakuna mjadala. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu ya ukungu, na karanga nazo hushika sumu hiyohiyo, tena kuikaanga hakuiondoi yote. Nilikuwa nikichambua huku nasikiliza vipindi nilivyorekodi kwenye simu, kazi mbili kwa mkupuo.

Kukaanga kwenyewe kunajulikana: maji ya moto yenye chumvi, karanga ziloe kidogo, chuja, anika. Jua la Dodoma na ule upepo wake hukausha ungo mzima kabla hujarudi kutoka semina. Kisha mchanga safi kwenye sufuria, moto wa wastani, koroga bila kuacha. Epua zinapoanza kupunguza kelele, kwa sababu zinaendelea kuiva ndani ya mchanga. Na zipoe kabisa kabla ya kufunga, la sivyo mvuke unazilegeza.

Ninachokipenda zaidi ni ufungaji. Mashine ya kufungia sikuwa na hela yake. Nilichukua wembe wa msumeno wa chuma, ule mwembamba, nikawasha mshumaa. Unakunja mdomo wa kifuko juu ya wembe, unaacha ukingo mwembamba kama uzi utokeze, halafu unaupitisha pembeni mwa mwali, haraka, bila kusimama. Ukichelewa nailoni inatoboka, ukiwahi haishiki. Mkono ukishazoea unapata mshono ulionyooka hadi watu wanauliza umefungia kiwandani. Vifuko vya mia mbili na vya jero (mia tano), basi. Vya buku (elfu moja) havikutoka.

Wengi huuza mchana, wakati kila mtu anapita kwa mama ntilie. Mimi niliuza kuanzia saa tatu usiku, kwenye madarasa ya diskasheni, hasa UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zikikaribia. Mtu anayekesha hana pa kula, na karanga hazichafui noti. Kila bloku nilikuwa na mwenzangu mmoja anayeniuzia, akimaliza vifuko kumi, kimoja ni chake. Mkopo sikutoa kwa yeyote. "Nitakulipa bumu likitoka" imeua biashara nyingi pale chuoni kuliko ushindani.

Kuhusu kutunza hela: bumu nililimaliza siku ileile linapoingia, kwa kukusudia. Kodi, unga wa dona, mchele, maharage, mafuta, mkaa, vyote tunanunua kwa pamoja na wenzangu wa gheto, tunapika zamu. Maharage yaloweke usiku, mkaa utapungua. Kinachobaki nilimtumia mama Mpwapwa, naye ananirudishia kidogo kila Jumapili. Makato ya kutuma yapo, ila mama hadanganyiki kwamba kuna kopi ya dharura.

Faida ya karanga niliiweka kwenye mchezo wa wasichana wa darasa letu, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu. Kila mtu aligombania kupokea mwanzo. Mimi nilimwomba kijumbe, anayekusanya michango, aniweke wa mwisho. Hela ya kila siku nilikuwa nayo, nilichohitaji ni donge zima mwezi Julai. Nililipokea wiki ya kwenda fildi, nikalipa chumba na nauli huku wenzangu wakikopa.

Mtaji wa kuanzia haukufika elfu thelathini. Ukiweza, nunua karanga kuanzia Mei au Juni zikiwa zimetoka shambani, zikaushe vizuri, uziweke pakavu, kwa sababu ikifika Januari bei inapaa. Vifuko chagua vigumu kidogo; vile laini vinatoboka kwenye mshumaa hata mkono ukiwa mzuri namna gani.