Ute wa yai, vazelini na dirisha la kushoto

Yaya wangu, dada yangu mkubwa, ndiye aliyeanza. Alikuja nimpime nguo ya sherehe ya mahari ya binti yake. Mimi nimeshika tepu, namwambia anyooshe mkono, yeye ananikodolea macho usoni. "Mdogo wangu," akasema, "pembeni ya macho yako pamekunjana kama kitenge kilicholala kwenye kapu." Mimi ni mshonaji, hapa Katuba, Lubumbashi, miaka yangu 47. Angenitukana kwa mfano wa kitu kingine nisingejali.

Dawa akanipa palepale, bure: ute wa yai. Ndiyo anaotumia yeye, ndiyo aliotumia mama yake mkwe, ndiyo unaotumiwa na wake za wakubwa, na wale wa farmasi ni wezi tu.

Basi siku ya mahari nikaamka saa kumi na moja alfajiri. Nikatenga ute, nikaupiga kwa uma mpaka ukatoa povu, nikaupaka pembeni ya macho na chini yake. Sitadanganya: ulipokauka, ngozi ilikaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Juu nikatia poda. Nilipojitazama kwenye kioo nilitamani kujiposa mwenyewe.

Tulikaa Kamalondo, chini ya turubai, mwezi wa kumi, lile jua la kabla ya mvua ambalo mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa. Nilikuwa nimekaa wima, natabasamu kwa mdomo tu kama picha ya kitambulisho. Wakwe wakaanza kuhesabu mbuzi, akapungua mmoja. Mjomba wetu, ambaye hajawahi kuacha neno lipite, akauliza kwa sauti ya upole kama huyo mwingine bado yuko mpakani Kasumbalesa anangoja karatasi za duane, za forodha. Watu wakaanguka vicheko. Na mimi nikacheka, nifanyeje? Nikasikia kitu kinaachia kwenye jicho la kulia. Kwanza ufa mmoja, halafu nyufa, kama tope la bwawa mwezi wa nane. Kisha vipande vikaanza kudondoka kwenye kifua cha nguo niliyoishona kwa wiki mbili. Mtoto wa jirani, aliyekuwa amekaa miguuni pangu na sahani yake ya bukari, ugali wetu, akanyosha kidole: "Mama, unabambuka ku macho!"

Harufu sisemi. Nzi walisema.

Ute ukikauka unavuta ngozi, ukitoka mikunjo iko palepale. Ni gundi ya saa moja, na kwa mtu asiyecheka. Yaya mpaka leo anadai nilikosea yai, kwamba lilipaswa kuwa la kuku wa kienyeji.

Baada ya aibu ile nikatafuta vitu vya dukani, na hapo ndipo pesa zilianza kutoka. Sokoni mama mmoja aliniuzia tyubu isiyo na boksi, "ya kutoa kila kitu": madoa, chunusi, mikunjo, na uso unang'aa. Siku ya tatu kweli nikang'aa. Bahati yangu nina mteja muuguzi. Alikuja kuchukua sketi, akaiona tyubu kando ya mkasi, akavaa miwani akasoma yale maandishi madogo mgongoni. Klobetasoli. Akaniambia hiyo ni dawa kali ya magonjwa ya ngozi, inatolewa kwa kipimo na kwa siku chache, na ukijipaka ovyo inafanya ngozi iwe nyembamba zaidi. Na ngozi ya kuzunguka macho ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini! Tena karibu na jicho inaweza kupandisha presha ya jicho lenyewe. Tyubu ikaenda chooni. Kama dola tano hivi, na sijazililia. Tangu siku hiyo kitu kinachoahidi kutoa kila kitu nakipita kama ninavyompita mtu anayenidai.

Kisha nikaingia mtego wa pili, wa kistaarabu: kikopo kidogo cha krimu ya macho, mililita 15, dola ishirini na kitu. Kizuri, kina kijiko chake. Nilikimaliza. Hakikunidhuru, ngozi ilikuwa laini asubuhi, basi. Siku moja nikakaa na boksi lake na boksi la krimu ya uso ya kampuni hiyohiyo, nikasoma mstari kwa mstari kwa kidole. Vitu vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, hilo muuguzi alikuwa ameshanifundisha. Maji, gliserini, mafuta yale yale, asidi ya hialuroniki ile ile, ya kushika unyevu, mkiani. Tofauti niliyoiona ni manukato, ambayo hayakuwemo kwenye cha macho, na bei. Kwa hiyo kama unataka unyevu tu, krimu ya uso isiyo na manukato inatosha, paka mpaka pembeni ya jicho ukalale.

Cha kulainisha mikunjo yenyewe ni kingine. Muuguzi wangu alinitajia retinoli, ndugu wa vitamini A. Ile kali ya ukoo huo, tretinoini, ilianzia kwenye chunusi, watu wakagundua na mikunjo inalainika. Hiyo lazima daktari aandike. Retinoli ya kawaida inauzwa wazi. Nikachukua ya asilimia ndogo, kwenye tyubu, si kikopo, maana hewa na mwanga vinaiua mapema na mimi kikopo nakifungua mara kumi.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Maelekezo yalisema usiku mbili kwa wiki. Mimi nikasema mwenye haraka hapangiwi, nikapaka kila usiku, tena mpaka kwenye kope. Siku ya sita niliamka macho yamevimba kama niliyefiwa. Ngozi ikachunika, na ilipopona ikaacha weusi kuzunguka macho yote mawili, maana ngozi yetu ukiikasirisha inaweka kinyongo. Miezi miwili wateja wananiuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani. Mume wangu akawa hataki kunisindikiza kanisani.

Kilichoniokoa ni vazelini. Tatizo la retinoli ni kwamba haikai ulipoiweka. Usiku inatembea kuelekea kwenye jicho. Na mimi kazi yangu ni kuweka mipaka kwenye kitambaa. Nikachukua vazelini kwa ncha ya kidole, nikachora mstari juu ya kope, chini ya jicho, na ile pembe kabisa, kama ninavyochora kwa chaki pale mkasi usipopaswa kufika. Ndipo nikatia retinoli nje ya mstari, kwenye mfupa, uso ukiwa mkavu kabisa. Punje ya njegere kwa uso mzima, siyo kwa jicho moja. Juu yake krimu ya kawaida. Jumatatu na Alhamisi, mwezi mzima, halafu nikaongeza siku. Kiangazi kilipoingia, ile baridi kavu ya mwezi wa sita na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye bobini, nikarudi siku mbili. Hakuna kilichonichoma tena. Binti yangu aliponiona akataka na yeye. Nikamnyima, ana mimba, na vitu vya ukoo huo si vya mjamzito.

Lakini jambo ninalojivunia sikuambiwa na mtu. Niliona kwamba upande wa kushoto haukubali. Kulia mikunjo inalegea, kushoto iko kama ilivyo, na ukitazama vizuri hata mwanzo kushoto ilikuwa zaidi. Nikadhani nalalia upande huo. Nikabadilisha mto, wapi. Siku moja nikashusha kitenge cha maonyesho kilichokuwa kimening'inia miezi mingi nyuma ya kiti changu, nikikunjue nimwonyeshe mteja. Nusu yake bado njano ya kuku mdogo, nusu imepauka kama maziwa. Nusu iliyopauka ilikuwa ya dirishani. Nikakaa chini. Miaka kumi na moja mashine yangu iko palepale, dirisha kushoto, jua la saa tisa linaniangukia shavuni. Nilikuwa najiona niko ndani! Kioo kinazuia ile miale ya kuunguza, ndiyo maana husikii kitu, ila ile nyingine, UVA, inapita, na hiyo ndiyo inayokunja ngozi. Na mji wetu uko kama mita 1,200 juu, ambako jua lina makali zaidi hata ukiwa umevaa sweta.

Krimu ya kuzuia jua ilinipa kichekesho kingine. Ya kwanza iliniingia machoni nikashona huku nalia. Nikapewa ya madini, yenye zinki, SPF 30 (kipimo cha kinga ya jua), haiwashi kabisa, lakini inaacha weupe, na nilipotoka nayo barabarani muuza makaa akaniuliza, "Mama, uko na bunga ku macho?" Ya tatu ina rangi ya udongo ndani, hiyo ndiyo niliyobaki nayo, na ni ghali, sitaki hata kuitaja. Nikaongeza pazia jepesi la kitambaa kilichobaki kwenye sare za kwaya.

Miwani ilikuja mwisho ingawa ilipaswa kutangulia. Nilikuwa nakunja uso mzima kila ninapotunga uzi kwenye sindano, mara mia kwa siku, halafu usiku napaka krimu ya kufuta nilichokunja mchana. Miwani ya kusomea ya barabarani, bei ya kilo mbili za sukari.

Majakaranda yalipotoa maua nikajipiga picha pale pale, saa ile ile, nikailinganisha na ya mwezi wa nne. Uso ukitulia, mistari midogo imelainika, pande zote mbili. Nikicheka iko yote, na mjomba bado yu hai, kwa hiyo itaendelea kuwepo.

Yaya alikuja wiki iliyopita kuchukua blauzi. Akanitazama, hakusema kitu, akavuta kiti chake akakitoa dirishani, akakaa upande wa pazia.